Oicha haikuanza 2014

Uliza mtoto wa miaka kumi na mbili, ambaye familia yake ilikimbilia Beni ao Butembo: Oicha ni nini? Atajibu: kule wanauaga watu. Hajadanganya. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanafuata barabara namba 4, kutoka Beni mpaka Eringeti, na redio zinataja Oicha pamoja na hesabu ya maiti.

Lakini Oicha ilikuwa kijiji kidogo pembeni ya pori, kilometa 30 hivi kaskazini ya Beni, Wambuti wakiwa majirani. Katika miaka ya 1930 munganga Mmarekani, Carl Becker, alianzisha pale kazi ya matunzo iliyokuwa hospitali kubwa. Wagonjwa wa ukoma, waliokuwa wakiogopwa kwao, walipata mahali pa kukaa na kutunzwa. Mwaka wa 1964 uasi wa Simba ulimkimbiza, kisha akarudi. Mkimbizi anayerudi si habari mpya Oicha.

Halafu kuna mashamba. Kahawa ilisomesha watoto wengi mpaka ugonjwa wa kunyauka ulipoikausha, na wakulima wakaingia katika kakao. Leo kakao hiyo inavunwa na wezi, wenyewe wakiwa wamelala kwa jamaa mjini.

Wako wanaosema historia ni kazi ya maprofesa, kwanza usalama na chakula. Kweli, njaa haingoji. Lakini historia ya kijiji ndiyo pia inasema shamba ni la nani: nani alilifyeka, shefu gani alimpa, mti gani ni mpaka. Sheria ya ardhi ya 1973 iliahidi ordinansi ya rais juu ya mashamba ya kimila, na makumi ya miaka yalipita bila ordinansi hiyo. Kwa familia nyingi ushahidi uko katika kichwa cha mzee, na wazee wanazikwa ugenini. Mjukuu atakayerudi na kukuta mwingine anakausha kakao katika kiwanja cha babu, atasema nini mbele ya shefu?

Redio za Beni na Butembo ziwape wazee hawa nusu saa kila juma, na lugha yao ya Kinande isikike. Familia nazo zisingoje redio. Daftari moja inatosha, ao telefone inayorekodi sauti. Waanze na jina la kijito, kisha majirani wa shamba pande zote nne, wale waliokufa pia.