Si Kila Kesi Ni ya Katiba

Siku hizi neno Katiba limekuwa kama chumvi. Hutiwa katika kila chungu. Mtu akigombana na mwenziwe juu ya bei ya mbuzi, hudai kwamba haki zake za kikatiba zimekiukwa na kwamba kesi iende Mahakama Kuu. Nawasihi walimu na wanafunzi walitafakari jambo hili, kwani hapa Garissa si mchezo wa mawakili.

Tukumbuke tulikotoka. Kanuni za mwaka 1966 ziliruhusu wakazi wa Kaskazini Mashariki kuzuiliwa bila kesi, na hali ya hatari haikuondolewa hadi mwaka 1991. Mwaka 1970 Bunge lilitunga sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali dhidi ya madai ya matendo yao katika eneo hili baina ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Aliyefiwa hakuwa na mlango wa kubisha. Mlango ulipofunguliwa kwa taabu namna hiyo, si vyema kuuziba kwa kesi zisizo na mashiko.

Basi tutatambuaje? Kwanza, tutazame msingi wa dai lenyewe. Mdai anayetaka malipo ya mbuzi wake ana kesi ya mkataba, hata mdaiwa akijitetea kwa vifungu kumi vya Katiba. Marekani ilikata shauri hilo mwaka 1908 katika kesi ya Mottley: swali la sheria ya taifa sharti litokane na dai la mdai, si na utetezi unaotarajiwa. Kwetu, kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979 ilifundisha kwamba mlalamikaji aonyeshe waziwazi kifungu kilichovunjwa na jinsi kilivyovunjwa.

Pili, tuheshimu mipaka ya kila mahakama. Kifungu cha 170 kinampa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Kulitaja neno usawa pekee hakuiondoi kesi ya urithi hapo, kwa kuwa kifungu cha 24 kimeruhusu sheria ya Kiislamu itumike kwa kadiri inayohitajika kabisa. Naye hakimu, kwa sheria ya mwaka 2015, husikiza maombi ya haki yanayohusu mateso na utumwa tu.

Lakini swali la kweli likizuka, lisizimwe. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuifunga kambi ya Dadaab, suala halikuwa mkataba wala fidia. Lilikuwa uwezo wa dola juu ya uhai wa watu. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba amri hiyo ilikiuka Katiba. Vivyo hivyo, mzozo wa mamlaka baina ya kaunti na serikali ya taifa ni wa Mahakama Kuu kwa kifungu cha 165.

Kwa hiyo, mwalimu asiishie kuwakaririsha wanafunzi vifungu. Awafundishe kuuliza: nikiiondoa Katiba katika dai hili, je, kesi inabaki? Ikibaki, na isikizwe pale pale ilipo. Isipobaki, hapana haki ya kumzuia mtu kubisha mlango mkuu.