Polisi Waje Kusema, Waje na Kusikia

Ndugu wananchi wa Ufukoni, na wa pwani yote ya Mtwara mpaka mdomo wa Ruvuma, tuna neno.

Siku hizi maofisa wa polisi huja kwenye mikutano ya mitaa na vijiji kuzungumza nasi habari za usalama. Sisi twasema karibuni. Zama za ukoloni askari hakuja kuzungumza. Alikuja kudai kodi, na asiyekuwa nayo alikamatwa. Afisa anayesimama leo mbele ya wavuvi na wakulima wa korosho akawaomba msaada ametambua jambo la kweli: bunduki peke yake hailindi nchi.

Ushahidi tunao. Tarehe 14 Oktoba, 2020, siku ambayo taifa humkumbuka Mwalimu Nyerere, wauaji walivuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado wakakiingilia kijiji cha Kitaya. Waliua watu, wakachoma nyumba. Mto ule ni mrefu, na pwani yetu ina bandari bubu ambazo hakuna askari anayeweza kuzikesha zote. Atakayeshuka pale usiku huonekana kwanza na mvuvi aliye kwenye ngalawa, au mama anayetafuta pweza maji yakitoka. Macho ya Serikali ni wananchi.

Lakini jicho likiona, mdomo hunena pale tu penye imani, na imani ya watu wa Mtwara ina makovu. Mei 2013, katika mgogoro wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mji wetu ulijaa moto na mabomu ya machozi, na watu walikufa. Hatuwatetei waliochoma nyumba. Twasema tu kwamba watu walikuwa wakiuliza tangu Desemba 2012, na swali lisilojibiwa mkutanoni huishia barabarani.

Tena Januari 2022 polisi saba wa Mtwara walishtakiwa kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani wawili, wengine ikawaachia huru. Kesi ile yatufundisha mambo mawili: aliyevaa sare aweza kutenda uovu, na sheria yaweza kumfikia. Afisa anayekuja kuzungumzia usalama asiogope kuyataja hayo. Akiyataja yeye mwenyewe, watu watamwamini zaidi.

Basi twawataka maofisa wetu mambo matatu. Kwanza, anayeleta habari jina lake lifichwe. Mvuvi akisema asubuhi, na jioni mhalifu akajua ni nani aliyesema, hakuna mwingine atakayefungua kinywa. Pili, watangaze mbele ya watu wote kwamba dhamana ya polisi hailipiwi hata senti moja, na wamtaje mkubwa wa kupelekewa malalamiko mtu akidaiwa fedha. Tatu, kila mkutano uanze kwa majibu ya maswali ya mkutano uliopita. Maswali yaandikwe, yasomwe, yajibiwe. Mkutano wa kusikiliza hotuba na kupiga makofi haumzuii mwizi.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tusimfiche mhalifu kwa kuwa ni mtoto wa shangazi. Tusitumie ulinzi shirikishi kulipizana visasi vya mashamba. Tusimpige mtu mpaka akafa kwa kelele za "mwizi!", huo nao ni uuaji. Wala tusimwone kila aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma kuwa adui. Wengi wao ni ndugu zetu, Wamakonde kama sisi, nao waliwakimbia wauaji hao hao. Wazee wetu waliwapokea wakimbizi wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, wala nchi haikupotea kwa ukarimu huo. Mgeni na apokewe, kisha mwenyekiti wa kijiji apewe habari zake. Mambo hayo mawili hayagombani.

Mwongozo wa mwaka 1971 ulifundisha kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma. Umma hauwezi kulinda ukiwa unamwogopa mlinzi mwenzake.

Kwa hiyo, ndugu, mkutano ujao ukiitwa, nendeni. Wanawake nendeni, vijana nendeni, msiwaachie wazee peke yao. Mketi mbele, mwulize kwa adabu, wala msiondoke kabla hamjajua jibu litaletwa lini na nani.