Kombe la Mwambani Si Pambo la Mezani

Tulipokuwa wadogo huko Msambweni, kila tukirudi chuoni tulipitia timboni kuwatazama wachongaji wakikata mawe ya kujengea. Mwamba wa pwani yetu ya kusini umejaa makombe. Sururu ikipiga, mara utaona kauri, mara chaza, mara kombe kubwa la pande mbili lililofumba kama kitabu. Siku moja tulilibandua zima la namna hiyo, na kaka yangu akalichukua hadi Diani akamwuzia mtalii kwa thamani ya soda mbili. Tulifurahi mno. Leo nikilikumbuka najuta, wala sijutii udogo wa bei.

Tulipowauliza wazee makombe yameingiaje ndani ya jiwe, walitujibu kuwa ni masalio ya gharika ya Nabii Nuhu, alayhi salaam, nasi tukatosheka. Wataalamu waliopima miamba ya pwani ya Kenya wasema kuwa sehemu yake ni matumbawe yaliyokua yapata miaka 125,000 iliyopita, zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ya leo kwa mita 6 au zaidi. Baadaye dunia ikapoa, barafu ikatanda nchi za kaskazini, na maji yakapungua hata, kadiri ya miaka 20,000 iliyopita, yakawa chini kwa mita 120 hivi. Matumbawe yakaachwa nchi kavu, mvua ikayanyea, yakashikana yakawa jiwe. Kwa hiyo mtu asimamaye juu ya jabali la Diani akitazama bahari, amesimama juu ya bahari nyingine.

Najua wako watakaosema hayo ni maneno ya Wazungu. Hasha! Abu Rayhan al-Biruni, katika kitabu chake Tahdid alichokimaliza mwaka 1025, aliandika kuwa jangwa la Arabuni lilikuwa bahari, na ushahidi alioutoa ni mawe yatokayo visimani ambayo yakivunjwa hukutwa na makombe ndani, mengine mazima, mengine yameoza yakaacha tundu lenye sura yake. Mwenzake wa zama zile, Ibn Sina, alieleza katika Kitab al-Shifa jinsi udongo ugeukavyo jiwe kwa muda mrefu. Na hizo tundu alizozitaja al-Biruni ndizo tulizokuwa tukitia vidole sisi timboni: kombe limeyeyuka, umebaki ukuta wa jiwe wenye mistari yake yote. Inakuwaje basi elimu iliyoandikwa na Waislamu miaka elfu iliyopita tuione ngeni?

Sasa nieleze majuto yangu. Kombe la mwambani husema kwa namna lilivyokaa. Likiwa limefumba pande zote mbili, limesimama katikati ya matumbawe yaliyo wima, maana yake lilifia pale pale lilipoishi. Ukiyakuta yamevunjika, upande mmoja mmoja, yamechanganyika na kokoto, ujue mawimbi yaliyasukuma kutoka kwingine. Kwa dalili hizo mtu huweza kujua wapi palikuwa na maji matulivu na wapi bahari ilipiga, na ilifika juu kiasi gani. Likishabanduliwa bila kuandikwa lilikotoka, hubaki jiwe zuri tu la kuzuilia karatasi mezani. Lile letu tuliliua kwa namna hiyo, nalo lilikuwa limekwisha kufa zamani!

Siwalaumu wachongaji. Mtu anakula kwa jasho lake, na nyumba zetu zimejengwa kwa mawe hayo hayo. Hata Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema umwagikapo baharini, umejengwa kwa mawe ya matumbawe. Nina kesi na wale wanaopasua majabali ya ufukweni kwa nyundo ili wapate kitu cha kumtembezea mgeni pamoja na dondo na kauri zilizotolewa baharini zingali hai. Mabibi zetu walikuwa na dondo moja la kulainishia mishono ya kofia, likarithiwa. Sasa yauzwa kwa mafungu. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 haikuyasahau masalio haya, wala haiachii mtu ayachimbe au ayatoe nje ya nchi bila kibali. Lakini ni nani amekwenda ufukweni kuwasomea vijana?

Mfano mwema tunao karibu. Msitu wa Kaya Kinondo umeota juu ya mwamba huu huu, na mgeni aingiaye hufungwa kaniki akaambiwa asitoke na kitu, hata kijiti. Mtu asinidhanie kuwa nahubiri mizimu. Nataja adabu tu, nayo imeulinda msitu hata mwaka 2008 UNESCO ikauandika pamoja na kaya nyingine katika urithi wa dunia. Kisiwani Wasini nako, kina mama wanatoza wageni kiingilio cha kupita juu ya daraja la mbao na kutazama matumbawe ya kale yaliyosimama nje ya maji. Hawauzi hata kipande, na fedha wanapata.

Majabali ya ufukweni basi yaachwe kama yalivyo. Ya timboni ni mengine, maana yatasagwa tu. Hayo wachongaji wawekee shule na vyuo vya karibu, na kila kombe liandikwe jina la timbo, kina lilipotoka na lilivyokuwa limelala. Kazi yenyewe ni ya penseli na kipande cha karatasi. Mimi nimeanza na manne, yako kwenye kasha la mbao chuoni petu, na watoto wameshaanza kubishana lipi lilifia kwake na lipi lilisukumwa na mawimbi.