Majua Matatu Juu ya Lamu: Bunilizi ya Kisayansi na Mtihani wa Lugha

Katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili vyuoni, bunilizi ya kisayansi aghalabu huchukuliwa kuwa mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Wapo wasemao kwamba hadithi za sayari za mbali ni anasa ya Wazungu, na kwamba mwandishi wa Kiafrika ana njaa, ardhi na uongozi mbaya vya kumshughulisha kabla hajainua macho angani. Wapo pia wadaio kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuyaeleza mambo hayo. Makala haya yanapinga hoja zote mbili, tena kwa mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza uko mbali kabisa na Mswahili: ulimwengu wenye majua mawili, matatu au zaidi yaliyosongamana mahali pamoja. Dai lenyewe ni kwamba ulimwengu wa aina hiyo huijaribu lugha kabla haujaijaribu sayansi, na kwamba visiwa vya Lamu, pamoja na bahari yake, mabaharia wake na tendi zake, ni mahali pafaapo mno kwa jaribio hilo.

Majua mengi si jambo jipya katika bunilizi. Mwaka 1941 Isaac Asimov alichapisha hadithi fupi iitwayo “Nightfall”, kuhusu sayari yenye majua sita ambako giza huingia mara moja tu katika kila miaka 2,049. Giza hilo liingiapo na nyota kuonekana, watu hupagawa na ustaarabu wao huteketea. Mwaka 1977 filamu ya Star Wars iliwaonyesha watazamaji wa dunia nzima majua mawili yakichwa pamoja jangwani. Kisha Mchina Liu Cixin akatoa riwaya iliyochapishwa jaridani mwaka 2006 na kuwa kitabu mwaka 2008, ambayo kwa Kiingereza huitwa The Three-Body Problem. Humo sayari moja hutupwa huku na huko na majua matatu yasiyotabirika, na wakazi wake hawajui kama kesho itakuwa ya baridi ya kuua au ya moto wa kuteketeza. Tafsiri ya Kiingereza ya riwaya hiyo ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Asimov, basi, aliyatumia majua mengi kuuliza swali kuhusu ujinga, na Liu akayatumia kuuliza swali kuhusu maisha yasiyo na uhakika. Hakuna kati yao aliyeyatundika angani kama mapambo.

Tena hizi si ndoto tupu, na ushahidi wake mmoja ulianzia pwani ya Waswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kusini mwa Lamu. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Miongoni mwa yale iliyoyafichua ni kwamba gimba liitwalo Centaurus X-3, lililomweka mionzi kila baada ya sekunde 4.8 hivi, lilikuwa sehemu ya nyota mbili zizungukanazo kwa muda unaozidi siku mbili kidogo tu. Gimba jingine, Hercules X-1, lina mwenzake ambaye huzungukana naye kwa siku 1.7. Sayari ya Utaridi, iliyo karibu zaidi na Jua kuliko zote, huchukua siku 88 kulizunguka. Kwa kulinganisha tarakimu hizo, msomaji atamaizi jinsi nyota hizo zilivyobanana. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Hivyo neno la Kiswahili limo katika historia ya elimu ya nyota pacha kwa zaidi ya nusu karne. Kilichokosekana ni hadithi ya Kiswahili kuhusu nyota hizo.

Tangu wakati huo mifano imeongezeka. Mwaka 2011 ilitangazwa sayari ya Kepler-16b, ambayo huyazunguka majua mawili kwa pamoja kwa siku 229, ilhali majua yenyewe huzungukana kwa siku 41. Mwaka 2024 wanafalaki, wakishirikiana na wapenzi wa elimu ya nyota wasio wataalamu, walieleza mfumo wa nyota tatu uitwao TIC 290061484. Nyota mbili za mfumo huo huzungukana kwa siku 1.8, na ya tatu huwazunguka wenzake hao wawili kwa siku 24.5. Zote tatu zingeweza kuenea ndani ya mzingo wa Utaridi. Mfumo huo hausambaratiki kwa sababu una mpangilio: wawili wamekaribiana sana, na wa tatu amekaa kando. Majua matatu yenye uzito wa kukaribiana, yaliyo katika umbali sawasawa, huvurugana mpaka moja litupwe nje au mawili yagongane. Mwandishi anayetaka majua matatu yaliyosongamana hana budi kuchagua baina ya mpangilio na vurugu, na uchaguzi huo ndio utakaozaa msuko wa hadithi yake.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Kisarufi, Kiswahili hakina taabu na majua mengi. Nomino “jua” imo katika ngeli ya LI-YA, na “majua mawili” ni kauli sahihi hata kama masikio hayajaizoea. Taabu inaanza katika maana. Mswahili huhesabu saa kuanzia kucha na kuchwa kwa jua: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, na siku yake mpya kwa desturi huanza magharibi. Neno “mashariki” limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuchomoza, na “magharibi” na lile la kuchwa. “Kaskazini” na “kusini” zimetokana na pepo za kaskazi na kusi, nazo pepo hizo huendeshwa na jua lipashalo moto bara na bahari kwa zamu. Mabaharia wa pwani walikiita kusini “suheli” pia, jina la nyota. Kwa ufupi, saa, siku na dira ya Kiswahili vimefungwa kwenye jua moja kama mashua kwenye nanga. Mwingereza anaposema saa saba asubuhi katika sayari yenye majua matatu, msomaji hashtuki, maana saa yake imekwisha kujitenga na jua. Mhusika Mswahili akisema saa moja, msomaji atauliza papo hapo: saa moja ya jua lipi? Swali hilo ni la Kiswahili, na mwandishi anayeandika kwa Kiingereza huenda lisimjie kabisa.

Swali la pili huletwa na bahari. Anayetoka Lamu kwenda Pate kwa njia ya Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, hutazama maji kabla ya kutazama saa, kwani maji yakipwa chombo hukwama. Watu wa visiwa hivyo wanajua bamvua na maji mafu tangu utotoni. Bamvua ni kazi ya magimba mawili: jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mivuto yao huungana. Vikikaa pembe mraba, kila kimoja hupunguza kazi ya mwenzake, na maji huwa mafu. Watu wa Lamu, basi, huishi kila siku katika tatizo la magimba yanayovutana, na wanayo maneno yake.

Mwandishi akiongeza jua la pili, maneno hayo yatafanya kazi mara moja, mradi aheshimu hesabu. Nguvu ya kuinua maji hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka: umbali ukiwa maradufu, nguvu hushuka hadi thumuni. Kwa sababu hiyo jua la pili lililo mbali, kama zilivyoachana nyota mbili kuu za Alpha Centauri, ambazo huzungukana kwa miaka 80 hivi, haliongezi bamvua ya kutajika. Lakini nuru yake ingepita mbalamwezi zaidi ya mara mia, na kwa sehemu kubwa ya mwaka usiku usingekuwa na giza. Wavuvi wa karabai, ambao husubiri giza ili samaki wafuate taa, wangelala njaa msimu mzima. Majua mawili yaliyobanana, kwa upande mwingine, yangeuacha usiku ulivyo, ila yangevuta maji kwa nguvu zote mbili, na kuchwa kwa moja kungetangulia au kufuata kuchwa kwa jingine kwa muda unaobadilika kila siku. Jua la mbali huondoa usiku lakini haliinui maji. Majua ya karibu huinua maji lakini huacha usiku. Katika sentensi hiyo moja mna riwaya mbili tofauti, na zote mbili zina mvuvi, nahodha na mji wa kisiwani.

Swali la tatu ni la ibada. Wakati wa adhuhuri na alasiri hujulikana kwa kivuli, na magharibi huingia kwa kuchwa jua. Vivuli vikiwa viwili, kipi ndicho cha kupimia? Jua moja likichwa na jingine likabaki, je, aliyefunga afuturu? Asidhani mtu kwamba maswali haya ni mzaha. Mwaka 2007, Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alipokwenda kwenye kituo cha anga, wanazuoni wa nchi yake walitoa mwongozo wa namna ya kusali na kufunga huko. Mji wenye madrasa na wanazuoni kama Lamu ungeyajadili maswali hayo kwa uzito, na mjadala huo ungekuwa moyo wa hadithi, kwani msomaji angeona jamii ikijaribu kubaki na imani yake chini ya mbingu isiyoifahamu.

Kuhusu hoja ya anasa, jibu limo katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Tendi za Miiraji zimesimulia safari ya mbinguni vizazi vingi kabla ya roketi, na hakuna aliyezituhumu kuikimbia jamii. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa karne ya 18 na 19, inautazama mji wa Pate ulioporomoka na kumuuliza binadamu alikuwa akitegemea nini. Hilo si mbali na swali la Asimov kuhusu ustaarabu uliokuwa ukisubiri giza. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, ulimwengu mwingine unatumika kuihukumu nchi iliyo hapa. Ni dhahiri kwamba safari ya kwenda mbali katika fasihi hii imekuwa mara nyingi njia ya kurudi nyumbani. Mwandishi akitaka kusema juu ya uongozi mbaya, ni wapi atakapopata sitiari kali kuliko raia walioko chini ya majua matatu yanayogombana, ambao hawapangi mbegu wala safari kwa kuwa hawajui lipi litatawala kesho?

Hata hivyo, ni haki kukiri udhaifu mmoja. Baadhi ya miswada ya wanafunzi inayojiita bunilizi ya kisayansi hubadilisha majina tu: Nairobi inakuwa sayari, matatu inakuwa chombo cha angani, na mapenzi yanabaki yale yale ya riwaya pendwa. Majua matatu hutajwa ukurasa wa kwanza yakasahaulika ukurasa wa tatu. Kazi ya namna hiyo huwapa hoja wapinzani wa utanzu huu. Kipimo ni chepesi: ikiwa jua la ziada likiondolewa hadithi inabaki vile vile, basi halikustahili kuwekwa.

Yapo mambo mengine ya kuhofiwa kuliko miswada dhaifu. Injini, na vifaa vinavyopokea mahali pa chombo kutoka kwa setilaiti, vimepunguza haja ya nahodha kujua kilimia kinazama lini na suheli inatokea wapi. Neno lisilo na kazi halikai mdomoni. Kilimia ambacho jicho hukiona kama nyota chache zilizofumbatana ni kundi la nyota zaidi ya elfu, na wakulima wa pwani walikitumia kujua majira. Maneno kama hayo yakibaki kamusini peke yake, yatakuwa kama vyombo vilivyopandishwa pwani visishuke tena. Bunilizi ya kisayansi inaweza kuyapa bahari mpya ya kusafiria.

Idara za Kiswahili, basi, zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwatuma wanafunzi Lamu, Pate, Faza na Kiwayu wakayakusanye majina ya nyota, ya miongo na ya maji kutoka kwa wazee wa bahari wangali hai. Ya pili ni kuruhusu bunilizi ya kisayansi iandikwe na ihakikiwe kama utanzu kamili, kwa vigezo vikali vya sayansi na vya lugha. Mwanafunzi atakayerudi na orodha ya maneno hayo, kisha akakaa chini kuandika kuhusu nahodha anayengoja bamvua ya majua mawili ili avuke Mkanda wa sayari nyingine, hatakuwa ameihama pwani yake. Atakuwa ameuliza, kwa lugha yake, ni saa ngapi.