Toa kwanza, ndipo uzidishe

Tangu kituo cha umeme cha North Hyde, hapa kwetu Hayes, kiwake moto usiku wa tarehe 20 Machi 2025 na Heathrow kufungwa kesho yake, binti yangu hana swali jingine: umeme hujuaje pa kupita? Sasa yuko chuo, na juzi alirudi na alama mbaya ya sakiti, machozi yakimlengalenga. Tukakaa mezani.

Betri ni ya volti 12, vitanzi viwili. Cha kushoto, chenye betri, kina rezista ya omu 2. Cha kulia ya omu 4. Katikati ipo nyingine ya omu 4 ambayo ni ya vyote viwili. Kila kitanzi unakipa mkondo wake, unaozunguka kama mshale wa saa. Alipata ampea 3 kushoto na 1.5 kulia. Sawa kabisa. Kisha akazidisha 3 kwa 4, akaandika volti 12 katikati.

"Mama, hebu jumlisha kitanzi cha kushoto."

6 na 12. Kumi na nane! Betri ya 12 imezaa 18?

Pale katikati mikondo miwili inapishana, mmoja ukishuka, mwingine ukipanda. Toa kwanza: 3 kasoro 1.5. Zidisha kwa 4, volti 6. Sasa 6 na 6 ni 12.

Kanuni ya kujumlisha volti za kitanzi aliitoa Gustav Kirchhoff mwaka 1845, akiwa mwanafunzi wa miaka 21. Hilo ndilo lililomfuta machozi, si hesabu yangu. Jumatatu anarudia mtihani.