Kupona si Kuvuliwa Plasta



Kila mmoja wetu anaijua barabara kuu wakati wa alfajiri. King'ora cha kwanza hulia kungali giza, nasi tuko njiani tayari. Wengine huenda kwa miguu, na wengi kwa baiskeli, chombo cha chakula kimefungwa kwenye keria na panga limezungushiwa gunia. Malori yatokayo Malaba na Busia kwenda Jinja na Kampala hupita karibu nasi hata upepo wake hututikisa. Ukingo wa lami umeliwa na mvua, na ukiteremka ghafla gurudumu la mbele hukugeukia. Tumezoea hatari hiyo kiasi kwamba hatuisemi tena. Leo tunataka kuisema.

Mwenzetu mmoja, mkata miwa wa miaka mingi, aligongwa katika barabara hiyo na gari dogo lililokuwa likijaribu kupita lori. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwamo kati ya watu waliomwokota. Alivunjika ugoko wa mguu wa kulia na mtulinga, akapasuka kichwani. Baiskeli yake ilikunjika kama waya wa uzio. Dereva hakukimbia. Alisimama, akasaidia kumfikisha hospitali, na kule akatoa pesa kidogo "za kumaliza maneno". Mke wa mwenzetu, machozi yakimtoka, akatia kidole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa.

Hatuandiki ili kumlaumu dereva yule. Ajali ilichukua dakika moja. Tunaandika kwa sababu ya miezi iliyofuata, maana katika miezi hiyo ndipo sisi sote tulipokosea.

Wiki ya kwanza tulichanga. Kila mtu alitoa alichoweza, na jambo hilo ni la kusifiwa. Siku ya mshahara jina lake halikuwamo katika orodha, wala hakuna aliyeuliza. Wiki ya nne tulianza kuchoka kuchanga. Wiki ya nane watoto wake walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa karo ya shule, na mwenye duka alikuwa amefunga daftari la mkopo. Basi usiku mmoja mwenzetu alilowesha plasta kwa maji ya moto, akaikata kwa kisu, na asubuhi yake akaenda shambani akichechemea. Mnyapara alimpa kipande kile kile cha siku zote. Hakuwa na barua ya daktari, wala hakuna katibu aliyesimama upande wake. Mfupa uliokuwa umeanza tu kushikana ulipinda. Leo anatembea kwa fimbo na anauza mahindi ya kuchoma karibu na lango. Panga hawezi tena.

Watu husema ni bahati mbaya. Sisi twasema hivi: gari ndilo lililouvunja mguu, lakini njaa ndiyo iliyoupinda.

Tuuelewe mwili kwanza. Mtulinga ukivunjika, kwa kawaida huchukua wiki sita hadi nane kushikana. Ugoko ni mfupa mkubwa unaobeba uzito wa mtu, nao mara nyingi huhitaji miezi mitatu hadi sita, na zaidi ikiwa mfupa ulitokeza nje ya ngozi. Katika siku za kwanza damu huganda mahali pa kuvunjika, kisha hujengeka kitu laini kama gegedu, na polepole hicho hugeuka kuwa mfupa. Maumivu huisha mapema kuliko kazi hiyo ya ndani. Ndiyo maana mtu hudanganyika. Anaona haumii, anadhani amepona, kumbe mfupa ungali kama ukuta ambao saruji yake haijakauka.

Na hata plasta ikivuliwa kwa wakati wake, kazi haijaisha. Mguu uliofungwa miezi mitatu hutoka mwembamba kama wa mtoto, goti na kifundo vimekakamaa. Lazima ufundishwe upya: kuukunja na kuukunjua kila siku, kutembea kwa magongo mawili, kisha gongo moja, kisha fimbo. Iwapo hospitali ina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kuonana naye ni tiba kamili, wala si anasa. Isitoshe, kuna jeraha lisiloonekana. Mtu aliyegongwa husikia lori likija nyuma yake na mikono hutetemeka kwenye usukani. Wengine hushindwa kulala. Tusiwacheke. Huo nao ni ugonjwa wa ajali, unahitaji muda na watu wa kuzungumza nao.

Kuna hatari nyingine ambazo kila mfanyakazi hana budi kuzijua. Aliyegonga kichwa akianza kutapika, kusinzia sana, kuchanganyikiwa, au kutokwa damu au maji puani na masikioni, arudishwe hospitali mara moja, hata kama jana aliruhusiwa kwenda nyumbani. Aliyefungwa plasta akiona vidole vimekuwa baridi, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, asingoje kesho. Plasta iliyobana huzuia damu. Vivyo hivyo kwa wale wanaopelekwa kwa waganga wa mifupa wa kienyeji: vijiti vilivyokazwa mno vimewahi kugharimu watu miguu yao, miguu ambayo ingeweza kupona.

Sasa tuje kwenye haki. Hapa Uganda tuna Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000. Sheria hiyo haisemi habari za mashine na kiwanda peke yake. Inasema kwamba mfanyakazi akiumia kwa ajali wakati anasafiri moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini, ajali hiyo huhesabiwa kuwa imetokea katika kazi yake. Sharti ni kwamba mfanyakazi mwenyewe ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Sheria hiyo inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya lazima, na inaweka malipo ya kila kipindi kwa aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda. Kwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi maishani, fidia ni mshahara wa miezi 60. Anayebaki na kilema cha sehemu hulipwa kwa kadiri ya kilema chake.

Ndugu zangu, mwenzetu muuza mahindi hakupata hata moja katika hayo. Na kusema kweli, mwajiri hakukataa. Hakuulizwa! Hakuna aliyempelekea taarifa ya ajali. Katika kamati yetu ya tawi hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba barabara imo ndani ya sheria. Sote tulidhani fidia ni ya mtu aliyekatwa kidole na mashine. Aibu hiyo ni yetu, na tunaiandika ili isirudiwe mahali pengine.

Wapo waajiri watakaosema: "Barabara si yangu, gari si langu, dereva si wangu. Yananihusu nini?" Tuwajibu kwa utulivu. Ni nani aliyepanga saa ya king'ora? Mtu hutoka kitandani saa kumi usiku kwa sababu akichelewa dakika kumi hukosa kipande cha siku. Ni kazi iliyomtia gizani. Nyumba za laini zikijaa, mfanyakazi hupanga chumba mbali, na umbali huo anaulipa kwa miguu yake. Tena, baina ya mkata miwa aliyelala kitandani na kampuni yenye bima na wakili, nani ana uwezo zaidi wa kumfuata dereva mwenye kosa? Sheria imeliona jambo hilo, ndiyo maana haikumwachia mgonjwa mzigo wote.

Wala hili si wazo la Uganda peke yake. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1964, unazitaka nchi zilizouridhia zieleze ajali ya njiani katika sheria zao. Kwa jirani zetu wa Kongo, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2016 huhesabu ajali ya safari ya kazini pamoja na ajali za kazi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 inasema waziwazi juu ya mfanyakazi anayesafirishwa kwa gari lililotolewa na mwajiri. Mwenye baiskeli yake mwenyewe hakutajwa hapo. Basi wenzetu wanaovuka mpaka kwenda kufanya kazi upande ule wajue tofauti hiyo, wasije wakadhani sheria ni moja.

Lakini tusiwanyoshee kidole wengine tu. Sisi wenyewe tuna makosa. Wangapi kati yetu wana taa ya mbele inayowaka na kioo chekundu cha nyuma? Wangapi hufunga breki kwa kamba ya katani? Wangapi hupakia mtu nyuma na mzigo mbele, kisha wakaendesha sambamba wawili wawili wakipiga soga? Shati jeupe au kitambaa cheupe begani alfajiri hakigharimu kitu. Na jioni ya siku ya mshahara, anayepitia kilabuni kabla ya kushika barabara ahesabu mambo mawili: anahatarisha mwili wake, na safari yake si ya moja kwa moja tena. Akigongwa, atathibitisha nini?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya kwa matawi yote, viwandani na mashambani.

Kwanza, kila tawi liwe na mtu mmoja wa ajali, mwanamume au mwanamke, anayejua kuandika na asiyeogopa ofisi. Mwenzetu akigongwa, mtu huyo aandike siku ileile: saa, mahali, namba ya gari, na majina ya walioona. Polisi wapewe taarifa. Barua ya taarifa ya ajali ifike kwa mwajiri upesi, isizidi mwezi mmoja, na nakala yake ibaki kwa katibu. Mwajiri akikaa kimya, twende kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Pili, mtu yeyote asitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ya "kumaliza maneno" kabla haijasomwa na mtu wa chama. Dereva anayetaka kusaidia asaidie, tutamshukuru. Msaada wake usigeuzwe kuwa kufuli mdomoni mwa mgonjwa.

Tatu, mgonjwa arudi kazini kwa barua ya daktari, wala si kwa shinikizo la njaa. Barua ikisema kazi nyepesi, iwe nyepesi kweli: kuhesabu mafungu, kutunza ghala, kushona magunia. Mnyapara asimpe kipande kamili kisha akaandika kwamba ameshindwa. Jambo hili liingizwe katika mapatano yetu na waajiri, lisiachwe kwenye wema wa mtu mmoja.

Nne, tudai njia ya miguu na baiskeli kando ya barabara panapopita wafanyakazi wengi, na taa langoni. Katika meza ya mazungumzo tuzoee kulitaja hilo pamoja na nyongeza ya mshahara.

Tano, michango iendelee. Lakini tujue mahali pake. Mchango hununua sukari na sabuni wiki ya kwanza, fidia hushika nyumba mpaka mfupa ukomae. Mchango ni huruma, fidia ni haki. Mahali ambapo huruma hufanya kazi ya haki, huruma huchoka na haki husahaulika.

Tulimwomba mwenzetu ruhusa ya kuandika habari zake bila kumtaja jina. Aliinua kichwa kutoka kwenye jiko lake la makaa, akasema: "Andikeni. Mimi mguu wangu umekwisha kupinda. Waambieni wanaokuja wasikate plasta." Hatukuwa na neno la kumjibu.

Wanaokuja ni wewe na mimi, kesho alfajiri, katika barabara ileile. Umoja wetu usiishie kwenye lango la kiwanda. Ufike barabarani, ufike wodini, ufike na nyumbani kwa mgonjwa katika wiki ya nane, wakati wengine wamekwisha kumsahau.