Choroa Mweupe na Daftari la Nasaba



Yuko mnyama wa jangwa la Arabuni ambaye Waarabu humwita maha, nasi twaweza kumwita choroa mweupe, maana ni wa ukoo mmoja na choroa wetu wa Tsavo. Tangu zama za ujahilia malenga wa Kiarabu wamefananisha macho ya mwanamke mzuri na macho yake. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amemuumba kwa mahali pake: weupe wake hurudisha jua, mchana hutafuta kivuli, usiku hula majani yaliyoshika unyevu, na hukaa majuma mengi bila kunywa maji, akitosheka na umande na ukungu utokao baharini. Mvua ikinyesha mbali, kundi huondoka kuifuata.

Nyama yake ni halali. Kwa karne nyingi Mabedui walimwinda kwa miguu na kwa ngamia, wakampata mmoja baada ya jasho jingi, na makundi hayakwisha. Kilichommaliza ni gari na bunduki ya risasi nyingi, mikononi mwa watu ambao hawakuwa na njaa. Sheria yetu hapa iko wazi: kuwa mnyama ni halali kuliwa si ruhusa ya kumuua kwa mchezo. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na alitenga ardhi ya hima huko Naqi', karibu na Madina. Lakini waliokuwa juu ya magari hayo hawakuuliza fatwa. Mwaka 1972 choroa mweupe wa mwisho wa porini aliuawa katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, Oman.

Miaka kumi kabla ya hapo, Meja Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori hapa Kenya, alikuwa ameongoza msafara hadi pande za mashariki za Aden kukamata wachache wawekwe akiba. Watatu waliosalimika walipitishwa Isiolo, wakakaa karantini, kisha wakapelekwa Phoenix, Arizona, nchini Marekani. Wakaongezwa mmoja kutoka London, mmoja kutoka Kuwait, na wanne waliotolewa na Mfalme Saud. Jumla yao, tisa.

Tisa wakizaa huwa ishirini, na ishirini huwa mia. Mtu akihesabu vichwa atasema kazi imekwisha. Taabu ni kwamba ndama wote hao ni ndugu, na kichwa hakionyeshi kilichomo ndani ya damu. Akina mama watanielewa upesi nikitumia mfano wa leso. Chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, huja kwa doti: kipande kimoja kutoka kwa baba, kimoja kutoka kwa mama. Kipande kimoja kikiwa na tundu, mara nyingi kizima hukisitiri, na mwenye kuvaa haonekani na dosari yoyote. Lakini ndugu wawili walirithi kutoka kwa babu mmoja. Wakizaana, tundu la huku huweza kukutana na tundu la kule, na mtoto akavikwa doti lisilositiri.

Kwa hiyo watunzaji waliandika daftari la nasaba. Kila ndama aliandikwa baba yake na mama yake, kama masharifu wa Lamu wanavyohifadhi shajara zao, na madume yakahamishwa kutoka bustani moja hadi nyingine ili damu isijizungushe mahali pamoja.

Nisimame hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili linabisha hodi majumbani mwetu. Kumuoa mtoto wa ami au wa shangazi ni halali; Bibi Zaynab bint Jahsh (R.A.) alikuwa mtoto wa shangazi yake Mtume. Asije mtu akaisoma makala hii kuwa naipinga ndoa hiyo. Ninalolipinga ni kuozana ndani ya nyumba moja kizazi baada ya kizazi, huku watoto wakiugua na sisi tukisingizia hasadi na jicho. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, hupita kwa njia hiyo hiyo ya doti: wazazi wote wawili wakibeba tundu moja moja, katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Na kwa kuwa wabebaji ni wengi hapa pwani, hata wasio na udugu huweza kukutana nao. Saudia iliwalazimisha wachumba kupimwa damu tangu mwaka 2004. Mama anayeuliza habari za mahari aulize na habari za kipimo. Hakuna aibu ndani yake. Wallahu a'lam.

Turudi jangwani. Januari 1982 choroa walifunguliwa tena Jiddat al-Harasis, wakalindwa na watu wa kabila la Harasis wenyewe. Watafiti waliofuatilia ndama wa huko walitoa matokeo yao mwaka 2000: ndama wa wazazi wa karibu mno walikufa zaidi wakiwa wadogo, na ilionekana pia kwamba wale waliochanganywa kutoka koo zilizotengana mno hawakupona vizuri kama wa katikati.

Kufikia 1996 walikuwa wapata 400. Ndipo majangili wakaja, safari hii si kwa nyama bali kuwakamata wazima, hasa majike, wauzwe nje ya Oman kwa watu wafugao kwa fahari. Ukiondoa majike, umeondoa matumbo yote yajayo. Madume yaliyobaki ni hesabu tu. Miaka michache baadaye kundi la porini lilikuwa limevunjika, na waliookolewa wakarudishwa mazizini. Mwaka 2007, baada ya eneo lao kupunguzwa kwa asilimia 90, UNESCO ililifuta katika orodha ya urithi wa dunia, la kwanza kabisa kufutwa.

Kwingine Arabuni kazi iliendelea. Mwaka 2011 walihesabiwa wapata 1,000 porini, Saudia, Oman na nchi jirani, na daraja la hatari yao likashushwa. Walinzi wa Harasis wangali kazini, na daftari la nasaba lingali linaandikwa.